Rupia ya kidani, hela za Mjerumani na shilingi ya 1966: ipi ipelekwe kupimwa?

SWALI: Nina duka la rejareja hapa Mikindani. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitenga sarafu za zamani zinazoingia na chenji, au zinazoletwa na wazee wakitaka tubadilishane kwa sukari. Ninazo hizi: rupia ya Mjerumani ya 1892 iliyochomelewa kipete cha kuvalia shingoni, hela moja moja saba, nyingi za 1913 zenye herufi J, hela tano moja kubwa ya 1909, hela ishirini ya shaba ya njano ya 1916 yenye herufi T, taji lake limekaa upande, senti kumi ya tundu ya 1936, shilingi ya 1922 na nyingine ya 1952, shilingi moja moja za Nyerere za 1966, moja inang'aa kama mpya, na kisarafu cheusi cha maandishi ya Kiarabu ambacho kijana mmoja alikiokota ufukweni Kilwa Kisiwani. Nimeambiwa zikipelekwa Marekani kupimwa na kufungwa kwenye plastiki bei inapanda mara kumi. Nipeleke zote? Na nizisafishe kwa nini kwanza?

JIBU: Dada, la kusafisha ndilo la haraka, tuanze nalo. Usisafishe hata moja. Ndimu na majivu, ukwaju, dawa ya meno, Brasso, vyote hivyo vinang'arisha sinia kwa sababu vinakwangua au kula ngozi ya juu ya madini. Sinia halina cha kupoteza. Sarafu ngozi yake ndiyo inayopimwa. Mpimaji huiinamisha chini ya taa moja, na ile mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja, alama ya kitambaa na unga, humjia machoni kabla hajasoma mwaka. Hapo haipi namba. Huiandikia kwamba ni halisi ila imesafishwa, na maneno hayo hukaa juu ya plastiki daima.

Sasa hiyo habari ya mara kumi. Kupima gredi maana yake ni mambo mawili: kuthibitisha kwamba sarafu si ya kughushi, na kuipa namba ya hali yake kwenye mizania inayoanzia 1 na kuishia 70. Kampuni za kupima zinazotambulika zaidi duniani ni PCGS, ya California, na NGC, ya Sarasota, Florida. Kwa makadirio, sarafu iliyochakaa sana ikabaki umbo na mwaka iko kwenye 4 hadi 10. Ikianza kuonyesha nywele na majani lakini yamelala, iko 12 hadi 35. Yenye uchakavu mdogo kwenye vilele tu hufika 40 na kitu. Kuanzia 50 hadi 58 uchakavu ni wa kutafuta kwa kioo cha kukuzia. Kuanzia 60 ni sarafu ambayo haikutumika kabisa, na tofauti kati ya 62 na 66 ni mikwaruzo ya kugongana na wenzake kwenye gunia la banki. Bei kubwa unazosikia ni za huko juu, 64 kwenda mbele. Zilizopita mikononi mwa wavuvi, wachuuzi na watoto kwa miaka mingi mara nyingi haziko huko, nazo ndizo zinazofika dukani kwako.

Kwa hiyo sarafu haipelekwi ili ujue thamani yake. Unaijua thamani kwanza, ndipo unaamua kuipeleka. Hesabu yake ni ya duka kama nyingine. Tuseme ada, posta ya kwenda na kurudi, bima na kamisheni ya wakala vinafika shilingi 200,000 kwa sarafu moja. Pata kiwango halisi siku unayotaka kutuma, maana ada hubadilika. Kama sarafu bila plastiki inauzwa 60,000 na ikiwa na plastiki 150,000, bei imepanda kweli zaidi ya mara mbili, na wewe umepoteza 110,000. Bei ya kutumia kwenye hesabu hiyo ni ya zilizokwisha kuuzwa, si ya zinazotangazwa. Mitandao mingi ya mnada ina sehemu ya kuchuja zilizouzwa. Mtu anaweza kuitangaza shilingi ya Nyerere kwa milioni kumi na ikakaa hapo mpaka achoke. Picha ya tangazo hilo ndiyo inayozunguka WhatsApp.

Tuzitazame zako sasa.

Rupia ya 1892 inaumiza, kwa sababu ni sarafu nzuri: Kaiser Wilhelm II na kofia ya chuma yenye tai juu upande mmoja, simba na mnazi upande wa pili. Kile kipete kimeiondoa kwenye gredi. Sarafu iliyotobolewa, iliyochomelewa, au hata iliyowahi kuchomelewa kipete kikaondolewa, hupimwa kama iliyoharibiwa. Usimpe sonara akitoe. Kovu la risasi ya kuchomelea na joto halifutiki, na kidani kamili cha bibi wa pwani kina mnunuzi wake anayekitaka kama kidani. Bei yake ya chini kabisa ni fedha iliyomo. Rupia nzima ina gramu 11.66 za fedha ya kiwango cha 917, yaani gramu 10.69 za fedha tupu. Usikubali chini ya hapo.

Je, ni fedha kweli? Kwa kuwa kipete kimeharibu uzito wake, kuipima tu hakutoshi. Tumia maji. Azima mizani ya sonara inayosoma hadi 0.01 ya gramu. Pima sarafu ikiwa kavu, andika. Weka juu ya mizani glasi ya maji, rudisha mizani kwenye sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote ikining'inia bila kugusa chini wala pembeni, gusagusa uzi ili mapovu yatoke, kisha soma. Namba hiyo ni uzito wa maji yaliyosogezwa. Gawa uzito mkavu kwa namba hiyo. Fedha ya 917 inatoa takriban 10.3. Rupia isiyo na kipete, kwa mfano, ikizamishwa mizani itasoma karibu 1.13. Ukipata jibu la 8.9 unashika mchanganyiko wa shaba na nikeli, na 8.5 ni shaba ya njano iliyopakwa rangi. Makosa ya kawaida ni mawili: povu lililonasa chini ya kipete, na sarafu iliyogusa kitako cha glasi. Yote mawili hufanya fedha halali ionekane bandia, kwa hiyo rudia mara tatu.

Zile hela saba ni rahisi kuzimaliza. Hela mia zilikuwa rupia moja kuanzia 1904, na ndizo zilizotuachia neno hela, kama paisa ya Kihindi ilivyotuachia pesa. Herufi ndogo inaonyesha ilikopigwa: A ni Berlin, J ni Hamburg. Zilipigwa nyingi mno mpaka 1913, kwa hiyo hela ya kahawia iliyolainika haistahili hata bahasha. Inayostahili kuangaliwa mara ya pili ni ile ambayo mistari ndani ya taji bado inahesabika moja moja, majani ya shada upande wa pili yana mshipa katikati, na shaba yake bado ina wekundu wa asili kwenye mabonde kati ya herufi. Wakusanyaji hutenganisha nyekundu, nyekundu-kahawia na kahawia, na nyekundu hulipwa zaidi. Ila wekundu huo uwe wa chungwa iliyoiva, unaofifia taratibu kuelekea kahawia. Wa waridi, wa sare kila mahali, ni wa ndimu.

Hela tano ya 1909 inapendwa kwa sababu ya ukubwa wake: gramu 20, upana karibu milimita 37, ya shaba. Uzito huo ndio ulioiharibu mapema. Kila ilipoanguka sakafuni ukingo ulipondeka. Izungushe ukingo wake wote chini ya kioo kabla hujatazama uso, maana kishimo kimoja cha ukingoni huishusha kuliko uchakavu wa taji. Ikiwa ukingo ni mzima na taji lina mistari, hiyo unaweza kuiweka kwenye kundi la "labda". Ikiwa imepondeka, iuze kama ilivyo. Wanunuzi wapo bila plastiki.

Sasa ya 1916 yenye T. Hii ndiyo ningeiweka peke yake kwenye kibahasha leo hii. Vita vilipokata njia ya meli, Wajerumani walipiga sarafu za dharura Tabora, kwenye karakana ya reli: hela tano na hela ishirini, na rupia 15 ya dhahabu yenye tembo. Mashine hazikuwa za sarafu. Ndiyo maana taji lako limekaa upande, unene haulingani, na sehemu nyingine herufi zimezama. Hayo si makosa ya sarafu yako, na hapa ndipo wengi wanapojipunja: wanaona taji hafifu, wanasema imechakaa, wanaiuza kwa bei ya chuma chakavu. Uchakavu na mpigo dhaifu vinatofautishika. Kwenye uchakavu, kilele kimelala na kina mng'ao laini tofauti na mabonde yanayokizunguka. Kwenye mpigo dhaifu, mahali pasipo na alama pana ukali uleule wa bamba, yaani kipande cha madini kabla hakijapigwa, kama pembeni yake, mara nyingine na mikwaruzo ya bamba la kabla ya kupigwa. Mpimaji anayezijua sarafu za Tabora huhesabu la kwanza na kulisamehe la pili.

Chukua kioo cha kukuzia mara kumi uangalie vitu viwili. Kwanza ukubwa wa taji: kuna nyundo (muhuri wa kupigia sarafu) ya taji kubwa na ya taji dogo. Pili, kwenye neno HELLER, tazama miguu ya zile L mbili: kuna aina yenye ncha zilizochongoka, yenye ncha zilizojikunja, na ambayo ni L ya pili pekee iliyojikunja. Mchanganyiko wa taji na L ndio unaoamua kama unashika ya kawaida au isiyopatikana kirahisi. Halafu rangi: nyingi ni shaba ya njano, na za shaba nyekundu ni chache zaidi. Chunguza kwa makini usije ukaiita nyekundu ile ya njano iliyogeuka rangi tu kwa joto la moto. Ukikuta mchanganyiko wa nadra, au sarafu yenye uso usiochokonolewa, hiyo ndiyo ya kutafutia bei zilizouzwa na kufanyia hesabu ya ada.

Na kwa kuwa umesema wazee wanakuletea: siku mtu akiweka juu ya meza rupia 15 ya dhahabu, usimlipe siku hiyo. Halisi ina gramu 7.17 za dhahabu ya 750, upana kama milimita 22. Za kughushi ni nyingi kuliko halisi utakazoziona, na nyingi hushindwa mizani tu: madini mepesi hayawezi kufika gramu saba kwa upana huo bila kunenepa. Hiyo ni sarafu ambayo kupimwa ni lazima, hata ikiwa imechakaa, kwa sababu pasipo uthibitisho mnunuzi makini haigusi.

Senti kumi ya 1936 ni mtego mzuri. Isome: kama ina jina EDWARDVS VIII, ni ya mfalme aliyetawala tangu Januari hadi Desemba 1936 akajiuzulu. Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuingia mikononi mwa watu, ila huku kwetu senti tano na kumi zenye tundu, ambazo hazihitaji picha ya kichwa, zilishapigwa na kusambazwa. Kwa hiyo ni za kihistoria na bado ni za kawaida kabisa. Muuzaji atakusimulia habari ya mfalme. Haibadilishi idadi yake. Iuze kwa wanaopenda hadithi, plastiki haiongezi kitu isipokuwa iwe haikutumika.

Shilingi mbili, ya 1922 na ya 1952, zinafanana simba na milima, hazifanani tumboni. Shilingi za Afrika Mashariki za 1921 hadi 1946 zina robo fedha, gramu 7.78 zenye fedha tupu chini kidogo ya gramu mbili. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Mwaka ukiwa umefutika soma jina la mfalme: yenye IND IMP ni ya kundi la fedha, kwa sababu cheo cha mfalme wa India kiliondolewa baada ya India kupata uhuru 1947. Tazama pia herufi ndogo, H ya Birmingham, SA ya Pretoria, I ya Bombay. Za 1922 ni nyingi. Mwaka wa kutafuta kwenye chenji ya wazee ni 1923. Fedha ya robo ikichakaa hugeuka njano na mabaka, na watu huisugua kwa kudhani ni uchafu. Isuguliwe na nani, wakati hiyo ndiyo rangi yake halali?

Za Nyerere za 1966, zile zenye mwenge. Zilipigwa kwa mamilioni na watu wengi waliziweka kabatini kwa mapenzi, kwa hiyo hata zilizo safi si adimu. Ile moja inayong'aa ifanyie jaribio la taa: ishike kwenye ukingo kwa kidole gumba na cha shahada, simama chini ya balbu moja, iinamishe polepole huku na huku. Sarafu ambayo haijatumika ina ukanda wa mwanga unaozunguka uso kama njiti za gurudumu la baiskeli linalogeuka. Ikiwa inang'aa yote kwa pamoja kama kijiko, imesuguliwa. Ikiwa mwanga unazunguka lakini unakatika kwenye shavu la Mwalimu na kwenye ulimi wa mwenge, imetumika kidogo. Ikifaulu, itunze vizuri, ila usiilipie ada. Kwa bei za sasa itakula zaidi ya inachorudisha.

Basi katika orodha yako nzima, moja ya kuifikiria ni hela ishirini ya Tabora, na ya pili, ikiwa ukingo wake mzima, ni hela tano. Usitume moja moja. Kampuni hizi hupokea kwa wanachama au kupitia mawakala, na sehemu kubwa ya gharama ni posta na bima, ambazo sarafu sita hulipa karibu sawa na moja. Kabla ya yote piga picha mchana, karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni, pande zote mbili na ukingo, kisha muonyeshe mnunuzi au wakala wa sarafu za Kijerumani. Mtu anayezinunua kila wiki atakwambia bure kama inafaa.

Hapo Mikindani adui yako mkubwa kuliko mnunuzi mjanja ni upepo wa bahari. Chumvi na unyevu vikikutana na shaba huzalisha kutu ya kijani. Ile ngumu, iliyoshikamana, ya kijani kibichi au kahawia, iache, imeshatulia. Inayotisha ni unga mwepesi wa kijani angavu unaochipuka kama madoa, ukiupangusa unarudi baada ya siku chache, na chini yake pana shimo. Huo unaenea. Itenge sarafu hiyo peke yake, itumbukize kwenye maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri. Soma chupa mara mbili, maana pembeni yake huuzwa asidi ya betri na chupa zinafanana. Badilisha maji kila siku kwa wiki mbili, kausha kwa joto la jua dakika chache, usipanguse. Grisi na utelezi wa kijani uliotokana na plastiki laini huondolewa kwa asetoni halisi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato na mafuta. Tumia chombo cha glasi, mbali na jiko la mkaa. Asetoni haili madini, ndiyo maana haihesabiwi kuwa kusafisha.

Vifuko laini vinavyonuka kama pazia jipya la bafuni ni PVC na hutoa utelezi huo. Mpira wa kufungia, gazeti, mkebe uliobaki na makombo ya korosho, vyote vibaya. Tumia vibahasha vya karatasi ngumu au vifuko vya plastiki isiyonuka, ndani ya mkebe wenye kifuko cha vijiwe vya kunyonya unyevu kama vinavyokuja na viatu vipya, na vijiwe hivyo uvikaushe juani kila masika.

Kimebaki kile kisarafu cha Kilwa, nacho hakimo kwenye hesabu ya kuuza. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu ndogo za shaba zisizo na tarehe, jina la sultani likiwa na mistari yenye vina, na Kilwa Kisiwani pamoja na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kuvisafirisha nje bila kibali ni kosa, na bahasha ya kwenda kupimwa Florida ni kusafirisha. Tarehe hiyo inagusa pia sarafu za shaba za robo ana za Kampuni ya India ya Mashariki za 1835, zilizozagaa pwani hii yote, kwa hiyo usizichanganye kwenye mzigo wako. Usikioshe. Mwite kijana, muulize alikiokota wapi hasa, upande gani wa magofu, maji yakiwa yamekupwa au yamejaa, na kama vilikuwapo vingine. Andika majibu na tarehe kwenye karatasi, weka pamoja na sarafu, kisha kipeleke kisarafu na karatasi yake kwa maofisa wa malikale walioko Kilwa. Kwa mtafiti, ile karatasi ina thamani kuliko kipande cha shaba chenyewe.